Kitufe cha memori ya kiti hakiitiki: kutafuta hitilafu ya umeme kuanzia mlangoni hadi chini ya kiti

Kiti cha dereva kinakwenda mbele na nyuma bila shida ukitumia swichi ya ubavuni, lakini ukibonyeza 1 au 2 mlangoni, vitufe vya memori vinavyorudisha kiti kwenye nafasi uliyohifadhi, kimya. Wengi hapo hununua swichi. Swichi ikifungwa na kimya kikabaki, hununuliwa kompyuta ya kiti. Mara nyingi kilichokufa si hiki wala kile, ni waya mwembamba uliokatika ndani ya mpira unaopitisha nyaya kutoka kwenye bodi (mwili wa gari) kwenda mlangoni. Swichi ya memori ni rahisi mno kuipima, na ukiipimia mahali sahihi, kipimo kimoja kinakuambia kama tatizo liko upande wa mlango au upande wa kiti. Mwongozo huu umejengwa juu ya kipimo hicho.

Tunafuata mpangilio unaokutwa kwenye magari mengi ya Kijapani ya usukani wa kulia yanayoshushwa Mombasa na Dar es Salaam: vitufe vitatu kwenye mlango wa dereva (SET, 1 na 2), kompyuta chini ya kiti, na vioo vya pembeni vinavyofuata memori ileile. Aina nyingine za magari zina tofauti zake, nazo tutazitaja zinapogusa kipimo.

Swichi hii inafanya kazi gani hasa

Kwenye kiti cha umeme kisicho na memori, swichi yenyewe hubeba umeme mzito wa mota. Kiti cha memori hakiko hivyo. Kitufe cha mlangoni hakiendeshi mota yoyote; kinapeleka ishara tu, umeme wa miliamperi chache, kwa kompyuta ya kiti (mafundi wengi huiita kontroli boksi). Kompyuta ikishapata ishara, ndiyo inayowasha mota, huku ikihesabu mapigo kutoka kwenye sensa za nafasi ili ijue kiti kimefika wapi. Kwa hiyo kuna watatu: anayeagiza, anayesikia na anayetenda. Kazi yako ni kujua yupi kati yao amenyamaza.

Ishara hiyo husafiri kwa njia moja kati ya tatu, na ni lazima ujue gari lako linatumia ipi kabla ya kushika multimita (kipima umeme).

Njia ya kwanza, kila kitufe kina waya wake. Kompyuta inaweka volti kwenye kila waya, mara nyingi 5 au karibu na 12, kupitia rezista (kifaa kinachopunguza umeme; ukinzani wake hupimwa kwa omu) iliyo ndani yake. Ukibonyeza, kitufe kinaunganisha waya huo na ethi (upande wa hasi, kwenye bodi), na volti zinashuka karibu na 0. Utaitambua kwa kuhesabu: vitufe vitatu, nyaya tatu za ishara, waya mmoja wa ethi, pengine na mbili za taa ya usiku.

Njia ya pili, vitufe vyote vinatumia waya mmoja, ila kila kitufe kina rezista yake. Kompyuta inasoma ukubwa wa volti ili ijue kilichobonyezwa. Chukua mfano wa mahesabu: kompyuta inatoa 5 V kupitia rezista ya omu 1,000. SET ina omu 0, kitufe 1 kina omu 330, kitufe 2 kina omu 1,000. Usipobonyeza kitu waya una 5 V. SET inaushusha hadi 0 V, kitufe 1 hadi 1.24 V, na kitufe 2 hadi 2.5 V. Sasa ongeza uchafu wenye omu 600 kwenye kontakti ya kitufe 1. Jumla inakuwa omu 930, na volti zinasimama kwenye 2.41. Kompyuta inaona karibu 2.5 V, inaamini umebonyeza 2, na kiti kinakwenda nafasi ya mtu mwingine. Thamani halisi hutofautiana gari kwa gari, lakini ugonjwa ni uleule: kitufe kinapofanya kazi ya jirani yake, fikiria ukinzani uliozidi kwenye waya wa aina hii kabla ya kufikiria kompyuta.

Njia ya tatu ni swichi yenye ubongo wake mdogo, inayozungumza na kompyuta kwa LIN (mtandao wa waya mmoja unaounganisha vifaa vya gari) au kupitia kompyuta ya mlango. Utaona waya wa umeme, waya wa ethi na waya mmoja wa mawasiliano. Ipo kwenye magari mapya zaidi na mengi ya Kijerumani. Hapa multimita peke yake inakuambia machache. Tutaona ni machache yapi.

Mambo ya kuthibitisha kabla ya kufungua klipu hata moja

Kiti cha memori kina masharti. Magari mengi hukataa kuita nafasi iliyohifadhiwa kama gia haiko P, kama gari linatembea, kama mkanda umefungwa, au kama swichi ya funguo haiko ON. Mengine hukubali kwa muda mfupi tu baada ya mlango kufunguliwa. Soma kitabu cha gari lako. Kama kimeandikwa Kijapani, simu yenye programu ya kutafsiri kwa kamera itakutosha kwa ukurasa huo mmoja.

Kisha pima betri. Injini ikiwa imezimwa kwa saa kadhaa, betri iliyojaa inasoma kama 12.6 V, 12.2 V maana yake imebaki kama nusu. Kompyuta nyingi huzuia kazi za starehe volti zikishuka, na kiti ni mojawapo.

Jambo la tatu: je, betri imetolewa karibuni? Kwenye baadhi ya magari kukata umeme hufuta nafasi zilizohifadhiwa, na kwenye mengine kompyuta husahau hata mwisho wa reli ulipo. Kitufe 1 kikiwa hakina kitu ndani yake, hakina cha kukiita. Hifadhi upya: weka kiti unavyotaka, bonyeza SET, na ndani ya sekunde 3 hivi bonyeza 1. Gari lenye kengele litalia. Kwenye aina nyingine unashikilia kitufe cha namba mpaka kengele ilie.

Baada ya hapo, acha gari likueleze lenyewe:

- Swichi ya ubavuni haifanyi kazi, na memori haifanyi kazi: acha kitufe cha mlangoni kwa sasa. Tafuta fyuzi, umeme na ethi ya kompyuta ya kiti.
- Swichi ya ubavuni inafanya kazi, memori kimya, hata kengele ya SET hailii: mshukiwa ni kitufe, waya wake, au masharti hapo juu.
- Vioo vinageuka ukibonyeza 1, kiti hakisogei: kitufe ni kizima, na waya wake kutoka mlangoni ni mzima. Usiuguse.
- Kiti kinaanza kusogea kisha kinasimama ndani ya sekunde moja au mbili: agizo limefika. Tatizo ni sensa ya nafasi au kiti kinachokwama kwenye reli.
- Kitufe kimoja tu ndicho kimekufa: kontakti au waya wa kitufe hicho.
- Kiti kinasogea chenyewe, au kengele inalia bila mtu kugusa: kitufe kimeng'ang'ania, kuna maji au soda ndani ya swichi, au waya wa ishara unagusa bodi.
- Memori inashika na kuachia kulingana na mlango ulivyofunguliwa: waya ndani ya mpira wa mlango. Uwezekano wa kukosea hapa ni mdogo sana.

Soketi za njano

Chini ya kiti na ubavuni mwake kuna nyaya za airbagi ya pembeni, na mara nyingi za kikaza mkanda. Soketi zake ni za njano. Usizipime kwa omu kamwe, kwa sababu multimita hupitisha umeme wake mdogo ili isome ukinzani, na kifaa hicho kimetengenezwa kulipuka kwa umeme. Usizichomoe swichi ya funguo ikiwa ON. Ukilazimika kuzichomoa, zima gari, toa waya wa hasi wa betri, na usubiri dakika 3 kamili kabla ya kugusa. Baada ya hapo usiwashe gari mpaka zirudi mahali pake, la sivyo taa ya airbagi itawaka na utahitaji mashine ya kuifuta.

Kwa kipimo tunachokihitaji, si lazima kuzigusa kabisa. Kompyuta hufikiwa mara nyingi kwa kupeleka kiti nyuma au mbele hadi mwisho na kuingiza mkono. Simu yenye taa itakuonyesha ilipo. Ikikataa, fungua bolti nne za kiti (kwa kawaida spana ya boksi namba 14), ukilaze kiti nyuma taratibu huku soketi zote zikibaki zimechomekwa.

Vifaa

Multimita ya kidijitali, balbu ya 21 W yenye nyaya mbili, pini nyembamba mbili za kushonea, bisibisi, vijiti vya plastiki vya kung'olea klipu, spiriti safi ya isopropili, na mchoro wa umeme wa gari lako ukiupata. Testa ya balbu isiguse nyaya za ishara. Balbu hula umeme mwingi kuliko kompyuta inavyoweza kutoa kwenye waya huo, na kompyuta iliyokuwa nzima inaweza kufia mikononi mwako.

Pini ni za kupimia kwa nyuma ya soketi: unaipenyeza kandokando ya waya, upande ule waya unapoingilia, soketi ikiwa imechomekwa. Usiingize ncha nene ya multimita kwenye tundu la mbele la soketi. Tundu likishapanuka halibani tena, nawe utakuwa umezaa hitilafu mpya inayokuja na kuondoka.

Hatua ya 1: umeme na ethi ya kompyuta

Kompyuta ya kiti kwa kawaida ina njia mbili za umeme. Moja ni nzito, ya mota, fyuzi ya 30 A hivi. Nyingine ni nyepesi, ya ubongo wake, 7.5 au 10 A. Mtu anaona ile kubwa ni nzima, anaridhika, kumbe ile ndogo imeungua. Pima fyuzi zote mbili zikiwa mahali pake: volti pande zote mbili za fyuzi, usitegemee macho.

Kisha nenda kwenye soketi ya kompyuta. Unganisha balbu ya 21 W kati ya waya wa umeme na waya wa ethi wa kompyuta. Balbu hii inavuta kama amperi 1.75, mzigo wa kutosha kufichua waya ulioliwa na kutu. Waya wa namna hiyo utakuonyesha 12.4 V kwenye multimita na kukudanganya kabisa. Ukiupa balbu, volti zinaanguka sana na balbu inawaka hafifu. Balbu ikiwa imewaka, pima volti kati ya waya wa ethi wa kompyuta na hasi ya betri. Isizidi 0.2 V. Ikizidi, fuata waya wa ethi mpaka bolti yake, mara nyingi chini ya zulia au kwenye fremu ya kiti. Kwa magari yaliyokaa pwani, bolti hiyo hukutwa imeota kutu chini ya rangi; fungua, kwangua mpaka chuma king'ae, funga, kisha upake grisi juu yake.

Zulia likiwa na unyevu, simama hapo. Maji yanayotoka kwenye mfereji wa kiyoyozi ulioziba au mpira wa mlango uliochoka hujikusanya pale pale zilipo nyaya hizi. Ukirekebisha umeme bila kuziba maji, hitilafu itarudi.

Hatua ya 2: kipimo kinachogawa kazi nusu kwa nusu

Soketi ya kompyuta ikiwa imechomekwa na swichi ya funguo ikiwa ON, penyeza pini nyuma ya waya wa ishara unaotoka mlangoni. Ncha nyeusi ya multimita kwenye ethi. Mtu mwingine abonyeze kitufe, nawe uangalie namba.

Kwa nyaya za njia ya kwanza: bila kubonyeza unapata volti zake (5 au 12 hivi), ukibonyeza zinashuka chini ya 0.5 V. Zikishuka hivyo kwa vitufe vyote vitatu, mlango mzima hauna kosa: swichi, nyaya na ethi yake vinafanya kazi. Nenda moja kwa moja hatua ya 5. Zikibaki palepale, agizo halifiki. Rudi mlangoni, hatua ya 3. Zikishuka nusu tu, labda hadi 2 V, kuna ukinzani njiani, ama kontakti chafu ama waya unaokaribia kukatika.

Volti zikiwa 0 hata kabla ya kubonyeza, kuna mambo mawili tu. Ama waya umegusa bodi au kitufe kimenasa, ama kompyuta haitoi volti. Chomoa soketi ya swichi mlangoni. Volti zikirudi, swichi ndiyo inayoshikilia. Zisiporudi, shoti iko kwenye waya au kompyuta imekufa upande huo; toa waya huo kwenye soketi ya kompyuta na upime pini ya kompyuta yenyewe.

Kwa njia ya pili, andika namba nne: bila kubonyeza, SET, 1 na 2. Zinapaswa kuwa mbalimbali na zenye kutulia. Mbili zikikaribiana, au namba ikitetemeka wakati kidole kimetulia, umepata ugonjwa.

Kwa LIN, waya uliotulia unasoma karibu na volti za betri, na mawasiliano yanapopita multimita inaonyesha chini kidogo huku ikirukaruka. Ukisoma 0 muda wote, kuna shoti. Ukisoma volti za betri bila kucheza hata kidogo huku swichi ya funguo ikiwa ON, hakuna anayezungumza. Zaidi ya hapo unahitaji mashine ya kusoma kompyuta za bodi, na vile vijikifaa vya bei nafuu vya Bluetooth vingi husoma injini tu. Mashine nzuri itakuonyesha hali ya kila kitufe, ON au OFF, papo kwa papo. Ukiwa nayo, anza nayo hata kwa gari la njia ya kwanza.

Hatua ya 3: mpira wa mlango

Waya za mlango wa dereva hukunjwa kila mlango unapofunguliwa, na mlango huo ndio unaofunguliwa kuliko yote. Shaba huchoka na kukatika ndani wakati plastiki ya nje bado ni nzima.

Vuta mpira kutoka upande wa bodi, kisha urudishe nyuma kama soksi. Shika waya mmojammoja kwa vidole viwili na uuvute taratibu. Waya mzima ni mgumu, hauongezeki. Waya uliokatika ndani unavutika kama mpira, kwa sababu ni plastiki tu iliyobaki imeushikilia. Mahali ulipokatika unakuwa mwembamba na rangi yake inapauka. Ukiona ungaunga wa kijani unatoka kwenye mpasuko, maji yameshaingia na shaba inaliwa.

Kwa uhakika, toa hasi ya betri, chomoa soketi ya swichi na ya kompyuta, pima ukinzani wa waya kutoka mwisho hadi mwisho. Waya mzima wa urefu huu hauzidi omu 1 hata ukihesabu nyaya za multimita. Sasa fungua na ufunge mlango polepole huku umeangalia namba. Ikiruka hata mara moja, umeupata.

Katika kuunga, wengi hukosea hapa. Kiungo cha risasi huufanya waya uwe mgumu, na ukikiweka ndani ya sehemu inayokunjwa, waya utakatika tena ubavuni mwa kiungo. Kata waya wote uliochoka, weka kipande kipya cha waya laini wenye nyuzi nyingi, unene wa 0.5 mm², kirefu kidogo kuliko cha awali, na viungo vyake viwe ndani ya mlango na ndani ya bodi, nje ya mpira. Chomelea kwa risasi, funika kwa mpira wa kusinyaa kwa joto. Nyaya zikiwa nyingi, viungo visikae sambamba, kimoja mbele kingine nyuma, ili fungu lisivimbe. Kusokota na kufunga utepe tu hakutoshi mahali penye mtikisiko na unyevu.

Hatua ya 4: swichi mezani

Kava la ndani la mlango hushikwa na skurubu mbili tatu zilizofichwa (nyuma ya mkono wa kufungulia na ndani ya kishikio) pamoja na klipu pembezoni. Kwenye magari mengi kibao cha swichi hung'oka peke yake kwa juu kwa kijiti cha plastiki, bila kushusha kava. Jaribu hivyo kwanza.

Pima omu kati ya pini ya ethi na pini ya kila kitufe. Kitufe cha kontakti za chuma: bila kubonyeza zaidi ya omu 10,000 au mstari usioisha, ukibonyeza chini ya omu 1. Kitufe cha mpira wenye kidonge cheusi cha kaboni kina kawaida yake: omu makumi, hata mia na zaidi, ni halali. Usihukumu swichi ya mpira kwa kipimo cha swichi ya chuma. Linganisha vitufe vyake vyenyewe. Viwili vikisoma 80 na cha tatu 900, wa tatu ndiye mgonjwa. Kwenye swichi yenye rezista, toa thamani ya rezista kwanza.

Bonyeza kwa nguvu, kwa wepesi, pembeni na katikati. Kitufe kinachofanya kazi kikikandamizwa tu kina kontakti iliyochakaa au iliyofunikwa na uchafu.

Ukiifungua, utakuta ubao mdogo wa umeme na vidonge vya mpira juu yake. Soda au chai iliyomwagika huacha sukari, na spiriti haiyeyushi sukari vizuri: anza na pamba yenye maji safi kidogo, kausha, ndipo umalizie na spiriti. Kidonge cha kaboni usikisugue kwa msasa, utakiondoa chote. Pamba yenye spiriti inatosha. Angalia pia mahali pini zimechomelewa kwenye ubao. Duara jembamba jeusi kuzunguka pini ni kiungo kilichopasuka. Pasha upya na uongeze risasi kidogo.

Kuna njia ya kuthibitisha bila swichi kabisa, kwa gari la njia ya kwanza. Swichi ya funguo ON, soketi ya swichi imechomolewa mlangoni, weka multimita kwenye amperi, ukianza na ngazi ya 10 A kisha mA, kati ya waya wa ishara na ethi ya soketi. Multimita katika hali hiyo inaunganisha nyaya mbili kama kitufe kilichobonyezwa, na hapohapo inakuonyesha umeme unaopita. Miliamperi chache ni sawa. Gusa SET, halafu waya wa 1 ndani ya sekunde 3. Kengele ikilia, kompyuta na nyaya ni nzima na swichi imejihukumu yenyewe. Ukiona amperi badala ya miliamperi, toa haraka: huo si waya wa ishara.

Hatua ya 5: agizo linafika, kiti hakitii

Hapa swichi imeshatoka kwenye orodha. Bonyeza 1 na usikilize mota ipi inaanza. Kiti kikisogea inchi moja na kusimama, kompyuta imeiwasha mota, haikuona mapigo ya sensa, ikaizima kwa usalama. Sensa nyingi zimo ndani ya mota yenyewe na zina nyaya mbili au tatu nyembamba kando ya zile mbili nene. Pima waya wa ishara wa sensa wakati mota inazunguka kwa swichi ya ubavuni: volti zinapaswa kuondoka mahali zilipotulia na kucheza. Zikiganda, angalia soketi ya mota, kwa sababu nyaya za chini ya kiti hukwaruzwa na reli na kung'olewa na mizigo inayosukumwa humo. Chupa ya maji iliyoviringika chini ya kiti imeshavunja soketi nyingi za namna hii.

Safisha reli pia, upake grisi nyepesi ya litiamu. Kiti kizito huongeza amperi za mota, na kompyuta hukichukulia kama kimegonga kitu.

Ukilazimika kununua

Fuata namba ya spea iliyoandikwa kwenye swichi, usifuate umbo. Swichi mbili zinaweza kufanana kama mapacha na zikawa na rezista tofauti ndani. Angalia pia upande wa usukani: spea za magari ya Ghuba ni za usukani wa kushoto, na pini za mlango wa dereva zinaweza kuwa zimepangwa kinyume na za gari la Japani. Unaponunua iliyotumika, Gerezani (Dar es Salaam), Kirinyaga Road (Nairobi) au Kisekka (Kampala), nenda na multimita na upime vitufe vitatu palepale dukani. Ni dakika moja. Omba pia wakukatie na kipande cha nyaya chenye soketi yake, sentimita 15 hivi, utashukuru wakati wa kuunga.

Baada ya kufunga

Chomeka kila kitu, rudisha betri, washa swichi ya funguo na uhakikishe taa ya airbagi inawaka kisha inazimika. Peleka kiti mwisho wa mbele na mwisho wa nyuma, juu na chini, mgongo wote mbele na wote nyuma, ukishikilia swichi sekunde chache kila mwisho. Kwa magari mengi hivyo ndivyo kompyuta inavyojifunza upya mipaka. Hifadhi nafasi mbili zilizo mbali sana, moja kwa 1 na nyingine kwa 2, uziite mara tano kila moja, mlango ukiwa wazi na ukiwa umefungwa.

Kama malalamiko ya awali yalikuwa pamoja na betri kulala usiku, pima umeme unaovuja. Kitufe kilichonasa huiamsha kompyuta usiku kucha. Fungua mlango, sukuma kitasa chake kwa bisibisi mpaka kifungike, ili gari liamini mlango umefungwa, uweke multimita ya amperi kati ya hasi ya betri na waya wake, na usubiri nusu saa. Chini ya miliamperi 50 ni salama kwa magari mengi. Ikibaki juu, chomoa soketi ya swichi ya memori na uangalie kama namba inaanguka. Ikianguka, rudi hatua ya 4. Ukimaliza, vuta mkono wa mlango ili kitasa kiachie kabla ya kuufunga, usije ukakigongesha kwenye fremu.